Namna ya Kusimamia Pumu ya Mtoto Awapo Shuleni

Katika kazi yangu ya uuguzi nimezoea kuuliza kuhusu ufunguo kabla ya kuuliza kuhusu dawa. Niliwahi kuitwa shuleni kumhudumia mtoto aliyebanwa na kifua, nikakuta inhela yake, yaani kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, ipo, haijaisha muda, ina jina lake, lakini imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ametoka. Mtoto yule alipona. Tangu siku hiyo, kila ninapomwelekeza mzazi, swali la kwanza huwa ni hili: dawa itamfikia mtoto baada ya muda gani?

Hatua ya 1: Pata mpango ulioandikwa

Kabla ya muhula kuanza, mwombe daktari au muuguzi anayemhudumia mtoto aandike mpango wa ukurasa mmoja unaotaja dawa na vipimo vyake, vitu vinavyomchochea, kama vile vumbi, moshi, manukato makali au hewa ya baridi, dalili zake za mwanzo na namba za simu za wazazi. Mwalimu wa darasa apewe nakala, na mwalimu wa michezo pia, ambaye ndiye husahauliwa mara nyingi ingawa kukimbia ni kichocheo kikubwa cha pumu. Mtoto asizuiwe kucheza. Ikiwa daktari ameelekeza hivyo, avute dawa dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi.

Hatua ya 2: Tenganisha dawa mbili

Dawa ya kinga, ambayo kwa kawaida ni steroidi ya kuvuta, hupunguza uvimbe katika njia za hewa polepole, kwa hiyo hutumiwa nyumbani kila siku hata mtoto akiwa mzima kabisa. Inayopelekwa shuleni ni dawa ya kutuliza, aghalabu salbutamoli, ambayo hulegeza misuli iliyokaza na kufungua njia hizo katika dakika chache. Wazazi wengine hupeleka ile ya kinga kwa makosa, na haitamwokoa mtoto aliyekwisha kubanwa.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kuiweka

Mtoto anayeweza kuitumia mwenyewe aibebe. Ya mtoto mdogo ikae darasani, mahali pasipofungwa na panapojulikana na kila mwalimu, kisha ifuatane naye uwanjani na safarini. Anapobanwa, dawa ndiyo imfuate. Asitumwe kuitafuta ofisini kwa miguu yake.

Hatua ya 4: Fundisha kwa vitendo

Inhela itumiwe pamoja na speisa, yaani kile chombo cha plastiki kinachoshika dawa ili isiishie kinywani na kooni. Inhela itikiswe, ichomekwe kwenye speisa, mtoto abane midomo kwenye mdomo wa chombo, ubonyezwe mpulizo mmoja tu, naye avute na kutoa pumzi taratibu mara 4. Mpulizo unaofuata usibonyezwe kabla huo haujavutwa wote. Speisa ioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na iachwe ikauke yenyewe, kwa sababu kuifuta kwa kitambaa huiachia umemetuli unaonasa dawa kwenye kuta zake.

Hatua ya 5: Kubalianeni cha kufanya akibanwa

Aketishwe wima, asilazwe, na asiachwe peke yake. Apewe mipulizo 4, mmoja mmoja, kisha msubiri dakika 4. Asipopata nafuu, apewe mingine 4. Akiwa bado anahema kwa taabu, gari la wagonjwa liitwe, na mipulizo 4 iendelee kutolewa kila baada ya dakika 4 hadi msaada ufike. Mpango wake ukitaja kiasi kingine, kifuatwe hicho.

Kuna mtoto ambaye hangojewi hata hizo dakika 4 za kwanza: asiyeweza kumaliza sentensi bila kukatiza ili avute pumzi, ambaye ngozi kati ya mbavu zake inazama kila anapovuta hewa, au ambaye midomo yake imegeuka ya bluu au kijivu. Kwa huyo, gari liitwe papo hapo huku dawa ikitolewa. Walimu waelezwe pia kwamba mlio wa filimbi kifuani ukitoweka ghafla ilhali mtoto bado anataabika, hiyo si nafuu. Huenda hewa inayopita ni kidogo mno kuweza kutoa sauti.

Hatua ya 6: Fuatilia matumizi

Shule iandike kila mara dawa inapotumika, nawe uliangalie daftari hilo kila wiki, hasa shule zinapofunguliwa, kwa kuwa watoto huambukizana mafua na wengi huwa wameiacha dawa ya kinga wakati wa likizo. Angalia pia tarehe ya mwisho na kihesabio cha mipulizo. Ukikuta mtoto ameihitaji dawa ya kutuliza zaidi ya siku mbili katika wiki, mrudishe kliniki, na ulibebe daftari.