Kupunguza kelele za chumba cha seva bila kuharibu ubaridi
Usianze kwa kufunika raki (kabati la kupangia seva) na sponji, hapo utaziba hewa na feni zitazidi kunguruma. Anza na vumbi, litoe lote, na feni inayokwaruza badilisha tu, beringi imeisha hiyo. Alafu ziba nafasi tupu za raki kwa vibao ili hewa moto isirudi mbele, wengi wanairuka hii na ndo inasaidia sana, seva ikivuta hewa baridi feni zinajishusha zenyewe. Ukipunguza spidi ya feni kwa 20% kelele inashuka kama desibeli 5 hivi, ila shusha kidogo kidogo huku unacheki joto la hewa inayoingia, libaki nyuzi 18 mpaka 27. Mianya ya mlango weka raba, kama hewa ya kupoza haipitii hapo.