"Huduma ya kawaida" ni ipi? Namna ya kuliandika kundi linganishi kwenye utafiti wa sonona

Juzi nilikaa na mdogo wangu mmoja, anasoma uzamili hapa Mwanza, tukipitia itifaki yake, yaani mpango wake wa utafiti. Anataka kujua kama tiba ya mazungumzo ya kikundi inawasaidia akina mama wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) kwenye mialo. Kundi linganishi, yaani wale wasiopata tiba inayopimwa, alilipa mstari mmoja: "Watapata huduma ya kawaida." Nikamuuliza, ipi? Akacheka. Mstari huohuo niliwahi kuuandika mimi.

Hatua ya 1: Chagua unalinganisha na nini

Orodha ya kusubiri siipendi. Mtu akishaahidiwa zamu yake baada ya miezi mitatu, huenda akatulia tu aingoje, na tiba yako ikaonekana kali kuliko ilivyo. Huduma ya kawaida inajibu swali la mganga mkuu wa wilaya: nikiongeza hii juu ya ninachotoa sasa, napata nini?

Hatua ya 2: Nenda ukakae kwenye benchi

Usiishie kwa mfawidhi, mkuu wa kituo. Mimi niliambiwa "tunatoa ushauri nasaha na dawa", nikaandika hivyohivyo. Utafiti ukiwa katikati, nikakaa nje ya chumba cha daktari tangu saa mbili asubuhi. Akaingia mama: hapati usingizi, kichwa kinauma, mawazo mengi. Akatoka muda si mrefu na karatasi ya kupima malaria na panado. Kituo cha pili, kivuko kimoja tu kutoka pale, kuna muuguzi aliyepata mafunzo ya afya ya akili. Yeye anamwita mtu chemba, anamsikiliza, anampa tarehe ya kurudi. Kwenye karatasi zangu vyote viwili vilikuwa "kawaida". Nilirudia mafaili yote, moja moja.

Kwa hiyo andika: nani alimwona, dakika ngapi, dawa gani, dozi gani, siku ngapi. Amitriptilini ya miligramu 25 usiku ili mtu apate usingizi usiihesabu kama matibabu kamili ya sonona. Dawa ilikuwepo dirishani au aliambiwa akanunue? Akipewa rufaa, alifika, au nauli ilimshinda? Daftari la MTUHA, lile la takwimu za kituo, halitakusimulia haya.

Uliza na ya nje ya kituo: mchungaji, shehe, mganga wa kienyeji, wenzake wa VICOBA. Waulize makundi yote mawili, kila mwezi, kwa maneno yaleyale. Natumia karatasi moja ya kupiga vistari. Tableti zina sifa zake, ila karatasi haiishiwi chaji.

Halafu kuna mtego. Swali la 9 la PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Akijibu ndiyo, humwachi aende zake; unamkabidhi kwa mhudumu siku hiyohiyo. Hapo umeshaibadili kawaida, basi sema: iite "huduma ya kawaida iliyoboreshwa". Utafiti wa Friendship Bench (tiba ya mazungumzo inayotolewa kwenye benchi la kituo) wa Harare, uliochapishwa 2016 na kufanyika katika vituo 24, uliita hivyo na ukaeleza ndani yake kuna nini. Usiulinganishe kijuujuu na ule wa tiba ya kikundi wa Uganda wa 2003, wa vijiji vya Masaka na Rakai, ambako vijiji linganishi vilibaki na msaada vilivyouzoea. Matokeo ya tafiti mbili za aina hiyo hayakai kwenye mzani mmoja.

Hatua ya 3: Gawa kwa vituo

Kituo kizima kiwe kundi moja, usigawe mgonjwa mmoja mmoja. Muuguzi uliyemfundisha hawezi kusahau alichojifunza akimpata mgonjwa wa kundi la pili. Ukigawa hivi, idadi ya washiriki unaowahitaji itapanda. Muone mtakwimu kabla ya kuomba kibali cha maadili.

Hatua ya 4: Ripoti

Jedwali moja, safu mbili, kila kundi lilipata nini hasa. Kundi linganishi likipata nafuu usishtuke, sonona ya baadhi ya watu hupungua yenyewe.

Na lile benchi: usiende siku moja tu. Siku ya kwanza wakikuona na daftari watakuonyesha huduma ya sikukuu. Anza kuhesabu wiki ya pili, wakishakuzoea na kukutuma chai.