Kukodi Hiace ya siku moja kutoka Mbeya kwenda ng'ambo ya mpaka: mambo ya kuzingatia kabla hujalipa advansi

Kupata gari Mbeya si kazi. Pita stendi ya Kabwe asubuhi, sema unatafuta Hiace ya kukodi siku nzima, utazungukwa kabla hujamaliza kujieleza. Kazi ni kupata gari linaloruhusiwa kuvuka mpaka, dereva aliyezoea kuvuka, na ratiba itakayokurudisha nyumbani siku hiyohiyo. Hayo hayaonekani kwenye picha ya gari uliyotumiwa WhatsApp, na ndiyo watu huyauliza mwisho, pesa ikiwa imeshatoka.

La kwanza ni kuamua mnakwenda wapi hasa. Kikundi cha kazini, wanakikoba wanaotaka kujipongeza, au familia iliyopata wageni kutoka Dar, wote huja na sentensi moja: "Tunataka Malawi na Zambia, twende na kurudi." Kwenye ramani inawezekana. Tunduma, mpaka wa Zambia, iko kiasi cha kilomita 100 na ushee kutoka Mbeya mjini, Kasumulu, mpaka wa Malawi, nayo karibu vilevile kwa kupitia Uyole na Tukuyu. Wapo hata wanaopiga hesabu ya mzunguko: kukata kushoto Mpemba kabla ya Tunduma, kushuka kwa lami hadi Isongole wilayani Ileje, kuvukia Chitipa upande wa Malawi, kuteremka Karonga na kurudi kwa Kasumulu. Mzunguko huo ni mzuri kwa mwenye siku mbili. Kwa siku moja, kila nchi unayoongeza inakula muda kwenye madirisha ya uhamiaji na forodha, na mwisho wa siku mnakuwa mmeona kaunta nyingi kuliko mlivyoona nchi. Ushauri wangu ni nchi moja kwa siku, na mwenye nafasi ya kuchagua achague Malawi.

Sababu ni hii. Ukivuka Tunduma unaingia Nakonde, na Nakonde ni mji wa biashara: malori, maduka ya jumla, wabadili fedha. Kwa mwenye shida ya kununua panafaa, kwa mwenye watoto wanaouliza "tumefika?" hapana, maana mji mwingine wa maana upande huo uko mbali. Ukiwa na hamu ya njia ya Tunduma, simama Mbozi muone kile kimondo kikubwa cha chuma, halafu mfike Nakonde kwa chakula cha mchana. Maporomoko ya Kalambo yaondoe kabisa kwenye ratiba ya siku moja. Yako mpakani na Zambia kweli, lakini kwa upande wetu njia yake ni ya Sumbawanga.

Kwa Kasumulu ni tofauti. Ukishavuka daraja la mto Songwe una chini ya kilomita 50 hadi Karonga, barabara ya M1, tambarare, ziwa liko kushoto kwako. Karonga kuna makumbusho yenye mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa wilayani humohumo, na simulizi ya taya la binadamu wa kale lililopatikana Uraha mwaka 1991. Kuna pia historia inayotuhusu sisi moja kwa moja: Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa na pembe aliyepigana na kampuni ya Waingereza kuanzia 1887 hadi akanyongwa mwaka 1895, na Septemba 1914, Wajerumani waliokuwa na makao Tukuyu walivuka Songwe wakaishambulia Karonga. Barabara mtakayoteremka nayo mkinywa chai ya chupa ndiyo njia yao. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa ni ndugu, wanaelewana kwa lugha, na Kiswahili kinasikika sokoni, kwa hiyo kikundi hakihitaji mkalimani. Livingstonia na hifadhi ya Nyika, kusini zaidi, waachieni wanaolala.

Sasa saa. Malawi na Zambia zote ziko nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu. Jambo dogo, lakini ndilo linalolaza watu mpakani. Tuseme vituo vya pande zote mbili vimeandika kufunga saa kumi na mbili jioni. Wa kwetu watafunga wakati ng'ambo saa ya ukutani inasema saa kumi na moja, na wewe unayeiangalia unaona bado una muda. Asubuhi mambo yanageuka: ukiwahi sana unakuta wa kwetu wameshafungua, wa ng'ambo bado. Simu nazo hukamata mtandao wa upande wa pili na kujibadilisha saa zenyewe mkiwa bado Kasumulu. Ulizia saa za kufungua na kufunga kwa wiki hiyohiyo, si kwa kumbukumbu ya mtu aliyepita mwaka juzi, kisha kubalianeni na dereva kwamba safari nzima inahesabiwa kwa saa za Tanzania. Mpango unaokaa vizuri ni kuondoka Mbeya saa kumi na moja alfajiri, kuwa Kasumulu kwenye saa mbili kasoro, Karonga kabla ya saa nne na nusu, na kuipa Karonga mgongo saa tisa mchana. Mkichelewa kuondoka, punguzeni Karonga. Msiguse muda wa kurudi.

Karatasi za gari ndizo zinazostahili maswali mengi, na hapa usione haya kuuliza. Tazama namba. Namba ya njano ni gari la mtu binafsi, nyeupe ni gari la biashara. Noah ya jirani yenye namba ya njano itakuwa ya bei nafuu na safi kuliko Hiace yoyote ya stendi, lakini ikibeba abiria waliolipa, bima yake inaweza kukukana siku ya ajali. Gari la biashara liwe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inayolingana na kazi ya kukodiwa, maana daladala ya Uyole ina ruhusa ya njia yake, si ya Karonga. Kama unakodi kwa kampuni ya watalii, omba uoneshwe leseni ya biashara ya utalii, ambayo wengi bado wanaiita TALA.

Kisha omba picha ya kadi ya gari, na uliza kadi yenyewe halisi iko wapi. Magari mengi yamenunuliwa kwa mkopo na kadi imekaa kwa mkopeshaji; mpakani hawataki hadithi hiyo. Kama jina kwenye kadi si la dereva, iwepo barua ya mmiliki inayomruhusu dereva huyo, kwa jina lake na namba ya pasipoti yake, kulitoa gari nje ya nchi, na ikiwa na muhuri wa wakili mambo huenda haraka. Gari linatolewa nchini kwa muda upande wetu na kuingizwa kwa muda upande wao, na kibali hicho cha kuliingiza kina ada yake. Zambia huongeza kodi ya hewa ukaa, tozo ya barabara na ushuru wa halmashauri. Malawi ina yake. Dereva mzoefu atakutajia bila kusita kipi kinalipwa dirisha gani. Asiyejua atakukabidhi kwa vishoka, wale vijana wanaokimbilia gari kabla halijasimama na kuchukua makaratasi kupitia dirishani. Ziko kampuni za uwakala zenye ofisi na risiti. Anayeomba pesa akiwa ameshika kadi ya gari lako mkononi si mmoja wao.

Bima ya kawaida inaishia mpakani. Kwa Malawi na Zambia kuna kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilishajitoa COMESA. Inakatwa kupitia kampuni ya bima kabla ya safari. Uangalie tu msizungumze vitu viwili, kwa sababu mwenye gari akiambiwa "kadi ya njano" anaweza kujibu "ninayo" akimaanisha cheti chake cha chanjo ya homa ya manjano. Hicho nacho kila msafiri awe nacho, kwani huulizwa hasa njia ya Zambia, na tangu 2016 dozi moja inatambuliwa kwa maisha yote. Ndani ya gari ziwepo pembetatu mbili, kizimamoto, na vibandiko vya kuakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Polisi wa Zambia ni wakali kwenye hilo.

Kwa abiria, Mtanzania haombi viza Malawi wala Zambia kwa matembezi. Anatakiwa awe na pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji kwa asiye na pasipoti. Kitambulisho cha NIDA peke yake kisiwadanganye. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja au shangazi abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Kama kuna mgeni asiye Mtanzania, angalia viza yake ya Tanzania: ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha akishatoka, kwani Malawi na Zambia hazimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, na jioni ataanza upya dirishani wakati nyie mnamsubiri. Na dereva je? Usicheke, muombe naye picha ya pasipoti yake.

Tunduma ina mtego mwingine. Mitaa yake na ya Nakonde imeingiliana kiasi kwamba mtu anaweza kununua soda nchi ya pili bila kujua amevuka. Tangu Oktoba 2019 kituo ni cha pamoja, mihuri yote miwili inagongwa upande wa nchi mnayoingia. Mkienda, mnamalizana Nakonde, mkirudi, Tunduma. Hakikisha kila pasipoti imegongwa ya kutoka na ya kuingia kabla mtu yeyote hajaenda kutafuta kitenge.

Tukija kwenye bei, usiulize "shilingi ngapi kwa siku" ukaishia hapo. Uliza ndani yake kuna nini: mafuta, posho ya dereva, ada za gari pande mbili, kadi ya COMESA, maegesho. Uliza pia nani atalipa mkilala kwa sababu mpaka umefungwa, na nani atalipa gari likiharibika Karonga na kikundi kikahitaji gari lingine. Bei itajwe na ilipwe kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza huduma za ndani kutozwa kwa dola. Advansi isizidi nusu, risiti ya EFD itolewe, na makubaliano yote yaandikwe kwenye ujumbe mmoja ambao mwenye gari ameujibu "sawa". Ujumbe huo utaje namba ya gari lenyewe. La sivyo mtaahidiwa Hiace yenye viti vizuri, alfajiri ije nyingine yenye kiti cha mbao katikati ya njia. Idadi ya watu iwe ya viti, na mkanda kwa kila kiti.

Uzuri wa gari la kukodi ni kusimama mnapotaka, na njia ya Tukuyu inatamanisha: Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, maporomoko ya Kaporogwe, chai pande zote, ndizi na parachichi barabarani. Lakini vituo vya hiari viandikwe mapema, viwili tu, na vikae safari ya kurudi baada ya mpaka kama bado kuna mwanga. Ngosi ni kupanda mlima kwa miguu, haichanganyiki na Karonga. Alfajiri eneo la Rungwe lina ukungu wa kuziba kioo, na Machi hadi Mei mvua ya Tukuyu haibembelezi mtu. Dereva anayejisifu kufika Kyela kwa saa moja na nusu mwambie asante, tafuta mwingine. Wanaokwenda Tunduma waongeze muda kwa foleni ya malori, mteremko wa Iwambi na upanuzi wa barabara kati ya Uyole na uwanja wa ndege wa Songwe.

Fedha zao zote zinaitwa kwacha lakini ni mbili tofauti, usibaki na ya Zambia ukaipeleka Malawi. Badili kiasi cha chakula na kiingilio, hesabu mbele ya aliyekubadilishia, basi. Mafuta jazeni upande wetu, kwani Malawi imekuwa ikipata vipindi vya uhaba. Zawadi za mazao zina mgogoro wake: mwaka 2025 Malawi ilizuia baadhi ya mazao ya kwetu, ndizi na mchele vikiwemo, na Aprili Tanzania nayo ikazuia ya kwao kabla ya kuondoa zuio muda mfupi baadaye. Ulizia hali ilivyo kabla ya kumbebea shemeji kilo za mchele wa Kyela. Mkirudi, mifuko ya plastiki ya kubebea iacheni hukohuko. Kwetu ni marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo kila mtu abebe kikapu.

Jioni ya kuamkia safari mpigie dereva. Muulize kama tangi limejaa, kama kadi halisi ya gari anayo mkononi, na atalala saa ngapi. Akikwambia yuko njiani anarudi na abiria kutoka Makambako, tafuta dereva wa pili usiku huohuo, na jina la huyo wa pili liingie kwenye barua ya mmiliki kabla hamjaondoka.