Jinsi ya Kuchagua Shahada ya Kompyuta: Mwongozo kwa Wahitimu wa Kidato cha Sita Mwanza

Shahada za kompyuta zinazotolewa na vyuo vikuu vyetu zina majina yanayokaribiana, lakini kinachofundishwa ndani yake kinatofautiana sana, na kwa maoni yangu kujaza fomu kwa kufuata jina pekee ndiko kunakowafikisha vijana wengi mwaka wa pili wakiwa wamekata tamaa. Kabla ya kuomba, tafuta katika tovuti ya chuo orodha ya masomo ya kila muhula, uisome yote.

Chukua mfano wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ambako magunia ya dagaa hupimwa, huandikwa daftarini na kusafirishwa hadi nchi jirani. Mwanafunzi wa mifumo ya taarifa ataanza na wafanyabiashara wenyewe: nani anaandika nini, nani anahitaji ripoti gani, na kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ndani ya kompyuta, ipangweje ili mzigo usihesabiwe mara mbili. Mwanafunzi wa uhandisi wa programu atajenga mfumo huo, ataujaribu, na atajifunza kuutunza ili usivunjike kila unapoongezwa jambo jipya. Mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta atajishughulisha na mzani wenyewe, yaani saketi na vihisio vinavyosoma uzito na kuutuma kwenye mtandao.

Sayansi ya kompyuta huuliza swali la ndani zaidi: je, kazi hii inaweza kufanywa kwa hatua chache kiasi gani? Ukitaka kupanga mizigo 1,000 kwa uzito, na ukailinganisha kila mmoja na kila mwingine, utafanya ulinganisho 499,500. Ukiigawa nusu kwa nusu, ukapanga kila nusu kisha ukaziunganisha, ulinganisho haufiki 10,000. Kuthibitisha kwa hoja kwamba njia ya pili ni bora, na bora kwa kiasi gani, ndiyo roho ya shahada hii, na ndiyo sababu ina mantiki, seti, grafu (nukta zilizounganishwa kwa mistari) na uwezekano tangu mwanzo, kabla na sambamba na mifumo endeshi (programu zinazoendesha kompyuta yenyewe), mitandao na kanzidata. Asiyependa hisabati asijilazimishe. Mifumo ya taarifa inaweza kumfaa zaidi, nayo ni kazi ya heshima.

Muda wa masomo nao uzingatiwe, kwa kuwa unagusa ada. Sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma huchukua miaka 3, ilhali shahada za uhandisi kwa kawaida huchukua miaka 4.

Kuhusu sifa, kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kinachotolewa kila mwaka, ndicho cha kufuata. Kiwango cha chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili yanayotakiwa na programu, yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Huo ni mlango tu, kwani programu zenye waombaji wengi huchukua wenye pointi za juu. Mwenye stashahada naye ana njia yake, kwa GPA (wastani wa alama zake) isiyopungua 3.0. Angalia pia kampasi iliyotajwa, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na tawi hapa Mwanza na bado kikafundisha shahada unayoitaka mkoa mwingine.

Wakati ukisubiri matokeo, jipime. Azima kompyuta, hata ya zamani, ujifunze lugha ya kuandikia programu, C au Python, kisha uandike programu ndogo inayopokea uzito wa magunia na kuyapanga kwa njia zote mbili nilizozitaja. Ukijikuta unakaa saa nyingi kutafuta kosa moja bila kuchoka, hiyo ni dalili nzuri kuliko alama yoyote ya mtihani.

Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo husika, si TCU. Anayehitaji mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) aanze mapema na uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa wakala wa usajili wa vizazi, RITA, hasa kama anaishi mbali na mjini, Ukerewe au Sengerema, kwa kuwa kasoro ndogo ya jina kati ya cheti hicho na cheti cha shule huchukua muda kurekebishwa. Ukidahiliwa na vyuo zaidi ya kimoja, ni lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa kwenye simu. Kwa hiyo jaza namba yako mwenyewe ya simu, si ya mtu wa steshenari anayekusaidia kujaza fomu.