Kabla Hujaanza Kujisomea Historia ya Sanaa ya AP

Kabla ya kitabu, tafuta kiti. Mtihani wa AP (Advanced Placement, mitihani ya Marekani ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) wa Historia ya Sanaa hufanywa kila Mei katika shule iliyoidhinishwa na College Board, shirika linaloutunga, na mwanafunzi hawezi kujisajili peke yake akiwa nyumbani. Anayejisomea Nairobi itambidi aipate shule ya kimataifa inayokubali watahiniwa wa nje, tena iliyo tayari kuagiza somo hili hasa, kwani shule nyingi huagiza masomo zinayofundisha tu. Maagizo ya kawaida hufungwa Novemba. Anza kupiga simu Agosti. Mpwa wangu aliulizia Januari, akajibiwa kwa upole kwamba orodha ilishafungwa, na mwaka mzima ukapita hivyo.

Ukishapata kiti, ujue ukubwa wa mzigo. Kuna kazi za sanaa 250 za lazima, zimegawanywa katika maeneo kumi. Ukijumlisha Bahari ya Kati ya kale (36), Ulaya ya awali pamoja na Amerika ya kikoloni (51), na Ulaya na Amerika za baadaye (54), unapata 141, zaidi ya nusu. Afrika ina 14. Hapa ndipo sisi hujidanganya, tukidhani eneo letu tutalipita tukichekelea. Katika hizo 14 hakuna hata moja ya Kenya. Kuna Great Zimbabwe, Msikiti Mkuu wa Djenné, bamba la shaba kutoka kasri la Oba (mfalme) wa Benin, kigoda cha dhahabu cha Waashanti wa Ghana. Kuzaliwa Pumwani hakukufundishi lolote kuhusu Waashanti. Wa kwetu utamkuta mbele, kwenye sanaa ya kisasa: Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, na kolaji yake (picha ya vipande vilivyobandikwa pamoja) ya 2006.

Kosa linalowaangusha wengi ni kugeuza kazi hizo kuwa kadi 250 za majina na tarehe. Kadi ni lazima, sikatai, maana insha hudai utambulisho sahihi: jina la kazi, msanii au utamaduni, wakati, na malighafi. Lakini alama nyingi ziko kwengine. Kila kazi iulize mambo manne: ina umbo gani, inaonyesha nini, ilitumika kwa kazi gani, na ilizaliwa katika mazingira gani. Chukua lukasa ya Waluba wa Kongo. Ni kibao cha mbao kinachotosha mkononi, kimepambwa kwa shanga. Ukiishia hapo umeeleza umbo tu. Mjuzi wa chama cha Mbudye alipitisha vidole juu ya shanga hizo akisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu, kwa hiyo mpangilio na rangi za shanga ndizo zilizobeba habari. Sasa umbo limeungana na matumizi, na mtahini ana cha kukupa alama. (Nacheka kidogo: chombo cha kukumbukia nacho kimo kwenye orodha ya vya kukumbuka.)

Usisahau pia kwamba baadhi ya maswali huleta picha ambayo haimo kabisa kwenye orodha, ukatakiwa kuichambua au kusema ni ya nani na kwa ushahidi gani. Kukariri hakukuokoi hapo. Jicho lizoezwe. Nenda Nairobi Gallery, karibu na Nyayo House, kwenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, uchague kitu kimoja na ukitazame robo saa nzima ukiandika unachokiona, kabla hujasoma kibandiko chake. Utachoka. Robo saa hiyo ndiyo unayopewa kwa kila insha fupi.

Muda wenyewe uko hivi: maswali 80 ya kuchagua kwa saa moja, yaani sekunde 45 kila moja, kisha insha sita kwa saa mbili. Mbili za kwanza ni ndefu, dakika 35 na 25. Kila sehemu ni nusu ya alama, ilhali wanaojisomea hutumia karibu muda wote kwenye maswali ya kuchagua kwa sababu wanaweza kujisahihishia. Insha inahitaji msomaji. Mwombe mwalimu wako wa historia akusomee mbili kwa mwezi, hata kama hajui sanaa. Ataona mahali umedai jambo bila kulithibitisha.

Masomo ya bure yapo kwenye tovuti za Smarthistory na Khan Academy. Pakua picha na maandishi mapema, bando likiwepo, maana stima hupotea jioni unayoihitaji zaidi. Na mtihani sasa hufanywa kwenye kompyuta, kwa programu ya Bluebook. Mpwa wangu alikuwa ameandika insha zake zote za mazoezi kwa kalamu. Siku alipoanza kuzichapa, aya tatu zilimmalizia dakika 35 zote.