Maua ya kuwashibisha nyuki hapa Dodoma

Mvua zikianza Desemba usijaze alizeti peke yake ukadhani nyuki wameshiba. Alizeti naipenda sana, ila chavua yake ina protini kidogo na majana (watoto wa nyuki) hayakui vizuri kwa chakula cha aina moja. Kuna cha kushangaza lakini, Marekani wanasayansi waliwalisha chavua hiyo wale nyuki wanene wenye manyoya, wakakuta vimelea vya tumboni vinaitwa Crithidia vimepungua sana, na inaonekana vile vimiba vya kwenye punje za chavua ndio vinafanya kazi. Hao sio nyuki wetu wa asali, so usiichukulie kama tiba ya mzinga wako.

Kwahiyo changanya. Pembeni ya shamba weka kivumbasi na mlonge, na migunga iliyopo usiikate jamani, maana ndo inawasaidia alizeti ikishavunwa. Kivumbasi kikichanua kaa karibu asubuhi utulie, utaona nyuki anatua kwenye mdomo wa chini wa ua, anazama kufuata nekta, na vile vijiti vya chavua vimelala hapohapo vinampaka tumboni, akihamia ua lingine anaibeba yote.

Ukinunua miche ya maua acha yale yenye petali nyingi zimejazana, chavua huwa kidogo na nyuki hapenyi.

Sumu ya wadudu usipige maua yakiwa wazi, kama huna namna subiri jioni kabisa nyuki wakisharudi kwenye mzinga.