Kabla hujavuta boti kwa winchi

Ndugu zangu wa mwaloni Kibirizi, Kigoma, kabla ya kupandisha boti nchi kavu, pitisheni kitambaa kikavu kwenye waya wote wa winchi, ile mashine ya kuvutia boti, taratibu. Kikinasa mahali, hapo kuna uzi uliokatika, na waya huo msiuamini hata kama jana ulivuta vizuri. Mkono mtupu hapana, utachanika kiganja.

Waya ukianza kukaza, uwe tayari umefunikwa katikati kwa turubai zito au magunia yaliyolowa. Ukikatika, uzito ule huuvuta chini, usiruke kuchapa watu. Na watoto wanaosubiri dagaa, jamani, waondoeni kabisa, wasiuruke waya! Ishara ya kuvuta itolewe na mtu mmoja tu. "Simama" apige yeyote. Kwenye ngoma ya winchi, pale waya unapojizungushia, bakizeni angalau mizunguko mitano ya waya.